Bibi wa Dukani Alipogoma Kunikanda Mguu

Niliteguka kifundo cha mguu siku ya Ijumaa, na Jumatatu nilitakiwa kuanza kazi. Nataka hilo lieleweke kwanza, maana kila habari hii inaposimuliwa watu hukimbilia kucheka yale ya dukani, mimi wakaniacha na hasira yangu.

Kazi yenyewe ilikuwa ukarani wa mizani. Ndio msimu ambao wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia Bariadi. Miaka yote tulimjua mnunuzi mmoja tu, ushirika. Sasa wanasema soko huria, kila mwenye lori na magunia anatundika mizani yake. Wakala mmoja kutoka Mwanza alikuwa amepanga stoo nyuma ya maduka, anatafuta mtu wa kusoma mizani, kuandika stakabadhi na kujumlisha kilo. Mimi nilikuwa na kidato cha nne kilichokaa bure tangu niolewe. Alinipa hesabu za kunijaribu, nikazimaliza yeye hajamaliza soda yake. Akasema, "Dada, Jumatatu. Ila msimu ni msimu, sitaki mtu wa kuniletea sababu." Nikamwambia sina sababu.

Sababu ilikuwepo, ya miezi mitatu, na niliijua mimi peke yangu. Mwanangu wa kwanza alikuwa bado ananyonya, hata kusimama hajui. Kwetu ukishika mimba mtoto hajaacha ziwa, wanasema umembemenda. Akiharisha kidogo tu, kosa ni lako. Nikaamua wataliona tumbo litakapojionyesha lenyewe, na hapo nitakuwa nimeshaishika mizani.

Ijumaa natoka kisimani, ndoo kichwani. Udongo wetu ule mweusi wa mbugani, mvua ikikatika unakauka na nyayo za ng'ombe humo humo, mashimo magumu kama saruji. Nikakanyaga moja. Ndoo ikaenda kwake, mimi kwangu.

Zahanati walinipa vidonge vya maumivu na bandeji. Wifi yangu, dada wa mume wangu, akanikanda kwa samli kama anayekanda udongo wa kusiriba nyumba. Kufika Jumamosi asubuhi kifundo kilikuwa boga. Ndipo akasema twende kwa bibi wa dukani.

Huyo alikuwa mama wa mwenye duka la vitambaa, Mhindi aliyezaliwa Maswa, jirani na kiwanda cha kuchambua pamba. Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake. Alikanda miguu ya watu kwa utabibu wa kwao, wanauita Ayurveda, aliofundishwa na bibi yake. Na hakuwa na chumba cha kukandia. Alikandia pale pale dukani, kwenye mkeka kando ya majora ya vitambaa, huku anaangalia nani anaingia na nani anashikashika kanga bila kununua.

Mbele yangu alikuwepo mzee wa mkokoteni wa ng'ombe, kwa hiyo niliona anavyofanya. Hasugui mguu mzima. Anapaka mafuta ya ufuta ya moto, halafu kidole gumba kinatafuta: chini ya mfupa wa kifundo, nyuma karibu na mshipa wa kisigino, katikati ya unyayo. Akipata mahali anapopataka anabonyeza, anazungusha taratibu, anasubiri. Mzee akamwita mama yake.

"Mama yako alikufa zamani," bibi akamwambia. "Niite mimi."

Watu wakacheka. Mzee akainuka, akakanyaga chini, akakanyaga tena, akatoka anatembea. Nami nikaiona Jumatatu yangu inarudi.

Alianza na mguu wangu mzima. Alisema mwili uzoee mkono kwanza. Akaja kwenye mbovu. Kidole kikapanda upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo, kikasimama. Hakubonyeza. Akauliza kwa Kisukuma, akiniita mama, kwa sauti ile ile anayotajia bei: "Mayu, una mimba?"

Walioshika kanga wakageuka.

"Sina," nikasema.

"Hapa nikibonyeza na unayo, inaweza kutoka. Mwenye mimba sisi hatumbonyezi hapa."

"Sina, bibi. Bonyeza."

Akanitazama. Halafu akamwita wifi yangu, aliyekuwa amembeba mwanangu mgongoni. "Mlete huyo. Mshike mtoto wako kichwa, uniapie huna."

Wifi akachuchumaa, kichwa cha mwanangu kikawa usawa wa mkono wangu. Kimelala, kina jasho. Mkono ulikwenda. Maneno hayakwenda.

"Haya," bibi akasema, akaanza kujipangusa mafuta.

"Kumbe mguu umevimba na tumbo nalo!" mama mmoja akasema kutoka kwenye kanga.

Wifi akalipuka. "Mtoto hata hajasimama, wewe umeshamtafutia mwenzake! Unambemenda mtoto wa kaka yangu halafu umekaa kimya?"

"Nimemtafuta peke yangu, wifi? Huyo kaka yako alikuwa wapi, Nkololo anachunga?"

Kicheko hicho! Na ndicho wanachokisimulia mpaka leo.

Sisemi bibi alikosea kukataa. Angebonyeza, kikatokea cha kutokea, ningemlaumu yeye yule. Lakini mdomo una sauti ya chini pia. Alishindwa nini kuniinamia sikioni? Nikamwomba basi akande unyayo tu, au upande wa nje. Akatikisa kichwa, mguu ni mmoja. Akanipaka manjano, akanifunga kitambaa, nikarudi nilivyokuja, tena bila siri yangu.

Jumatatu nilikwenda na fimbo. Wakala aliponiona akavuta kiti, akanikaribisha nikae. Nikajua. Sikukaa.

"Dada, nasikia hongera."

"Hongera ya nini? Nionyeshe mizani."

"Nilikwambia sitaki sababu."

"Hesabu miezi. Msimu unakwisha sijajifungua. Hesabu kwa vidole kama kichwani huwezi."

Akacheka, akautazama mguu. "Na huo je? Kazi hii ni ya kusimama kutwa."

"Ungekandwa ungekuwa umepona."

"Si umekataliwa kukandwa?"

"Kwa ajili ya mimba."

"Sasa unaona, dada?"

Nilichoona ni mwanaume aliyeridhika na hesabu yake mbovu. Halafu akanihurumia, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko kunikatalia. "Mumeo yupo? Mwambie aje yeye."

Mume wangu ana darasa la saba, na kujumlisha kunamtoa jasho. Alikwenda siku hiyo hiyo, akapewa mizani. Jioni akarudi na nakala za stakabadhi, akazitua mapajani pangu, mguu wangu uko juu ya kigoda.

"Mama watoto, hebu nijumlishie. Zinatakiwa asubuhi."

"Si karani ni wewe?"

"Karani ni mimi. Hesabu unajua wewe." Alisema hivyo bila hata kuona haya, anatafuta kijiko ale.

Nilizishika zile karatasi mpaka uji wa mtoto ukaungua. Ningeweza kukosea makusudi. Kilo chache hapa, kilo chache pale, wiki isingeisha kabla hajafukuzwa. Lakini kila karatasi ilikuwa na mtu wake: wa Nkololo, wa Migato, watu walioleta pamba kwa mkokoteni toka alfajiri, wengine wameweka dole gumba mahali pa kutia saini. Wale hawakunikosea. Hawakuwepo hata dukani.

Nikajumlisha, na nikajumlisha sawasawa. Kesho yake tena, na msimu wote ule, tumbo linakua, mguu unajiponea wenyewe, umekaa upande. Wakala akamsifu mume wangu mbele za watu, kwamba karani wake hajakosea hata kilo moja. Mume wangu akaniletea sifa hizo nyumbani kama mtu aliyeleta kitenge.

Nikamwambia azirudishe, na amwambie wakala karani wake ni nani.

Hakwenda.