Kiti Kisicholia cha Babu Odell

"Babu, ukiwa huko juu ya mti unasikia nini?"

Nilikuwa na miaka saba nilipomuuliza hivyo. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za baraza lake, yeye akimenya karanga za kuchemsha na kuwatupia kuku maganda. Masikio yake yalikuwa yameshaanza kufa, ila bado yalishika maneno ukimkaribia. Akanitazama, akatafuna, akasema, "Ngoja kwanza nifikirie." Akaendelea kutafuna. Alifikiria miaka tisa.

Babu yangu, Odell Suggs, amepasua magogo maisha yake yote katika kiwanda cha mbao kilichokuwa kando ya reli, hapa kwetu Alabama. Msumeno wa pale ulikuwa mrefu kuliko mlango wa kanisa, na enzi zile mtu akiziba masikio wenzake walimcheka. Kwa hiyo siku hizi sikio lake la kulia ni pambo tu, na la kushoto linadaka kidogo ukimpigia kelele. Mengine anayasoma midomoni mwa watu. Bibi Maylene anasema ndiyo maana ndoa yao imedumu: ugomvi ukianza, Babu anafumba macho.

Lakini kupanda mti na kumsubiri kulungu hakuacha. Kila msimu alibeba mgongoni kiti chake cha kupandia, kile cha vipande viwili. Cha juu unakalia, cha chini unakanyagia, na kila kimoja kinaukumbatia mti kwa waya wake. Unakaa, unavuta cha chini kwa miguu. Unasimama, unasukuma cha juu kwa mikono. Unakwenda hivyo hivyo kama kiwavi mpaka ardhi iwe mbali. Babu aliwinda peke yake katika kimsitu chake nyuma ya shamba la soya, na hakutaka mtu.

Sasa misimu mitatu ilikuwa imepita bila hata mnofu wa kukaanga. Friza la Bibi lilijaa mahindi na barafu. Ilipofika Januari, wakati madume wanapozunguka kama vichaa wakitafuta majike, Babu akatangaza mezani, "Msimu huu ukiisha hivi hivi, bunduki naiuza. Nitakaa barazani niangalie magari."

"Uza basi," Bibi akamjibu, midomo wazi kabisa ili asikose neno. Kisha alipoinuka kufuata mikate akaninong'oneza, "Kezia, Jumamosi nenda naye. Angalia anakosea wapi. Mzee huyu akishinda barazani mwaka mzima, mmoja wetu atahama."

Nikaenda. Babu hakukataa. Nadhani alikuwa amechoka kushindwa bila shahidi. Alfajiri akanikalisha chini ya mwaloni, kizibao cha rangi ya chungwa kifuani ili mwindaji mwingine asinidhanie kulungu, yeye akauendea msonobari wake hatua nyingi mbele yangu. Akafunga mkanda wa usalama, akafunga kiti, akaanza kupanda.

Jamani, zile kelele!

Kile kiti kililia kama lango la zizi ambalo halijatiwa mafuta tangu vita. Kila akikaa, *kwiii*. Kila akisimama, *kwiii*. Kunguru waliokuwa wamelala waliondoka wakilalamika. Majike wawili walikuwa ukingoni mwa soya, nikawaona wakiinua vichwa, mikia myeupe ikasimama, wakatoweka. Na Babu yangu, huko juu, alikuwa anapanda kwa uangalifu wa mwizi, anashusha uzito polepole, anasimama, anaangalia kila upande, anaendelea. *Kwiii.*

Alipofika alilaza taya lake kwenye gome la mti, akafumba macho. Akawa anajitikisa kidogo kidogo, kiti kinalia, naye anatabasamu. Sijawahi kumwona na uso ule, hata kanisani.

Aliposhuka, jua limeshapanda, akasema kwa furaha, "Leo mti umeimba vizuri. Umeusikia?"

"Babu, mti umeimba vipi?"

"Huwa unaimba. Sauti nyembamba hivi. Siisikii kwa masikio, inanipitia hapa." Akajigonga mfupa wa taya. "Kiwandani tulikuwa tunauma kijiti, ncha ya pili tunaigusisha kwenye mashine. Bolti ikilegea ndani kabisa, unaijua kwa meno. Sasa huku, sauti ya watu imekwisha, ya ndege imekwisha, ya Bibi yako namshukuru Mungu. Nimebaki na ya mti."

Nilitamani mtu mwingine awe pale, amwambie badala yangu. Nikasogea kwenye sikio la kushoto. "Babu, si mti. Ni kiti. Kinalia. Kulungu wanakisikia kabla hujafika hata nusu ya njia."

Akanitazama midomo kana kwamba imekosea. Hakubisha. Alirudi akakifunga kiti chini kabisa, usawa wa kiuno chake, akaweka taya kwenye gome, akasema, "Kitikise. Kila kikilia, inua mkono." Nikatikisa, nikainua. Nikatikisa tena, nikainua. Kila mkono ulipopanda, kope zake zilicheza. Mwisho akanishika mkono akaushusha.

"Misimu yote hiyo," akasema, "nilikuwa naimbiwa na bolti."

Tukapanda pikapu yake. Tulipokaribia mjini akakata kona kwenda dukani kwa Bwana Garland.

Bwana Garland anauza chakula cha mifugo, mbegu, risasi na viti vya kupandia miti. Pia ndiye mwenyekiti wa klabu ya wawindaji, na mdomo wake hauna pazia. Nyuma ya duka amesimika nguzo ya msonobari ili mteja ajaribu kiti kabla ya kununua.

"Odell!" akapaza sauti. "Nilidhani kulungu wamekuoa wakakuacha!"

"Nataka kiti kisicholia," Babu akasema.

Bwana Garland akakileta kwanza kile cha chuma, kizito, chenye mikono mipana kama kochi. Babu akakifunga kwenye nguzo, akakaa, akalaza taya. Mimi nikasimama kando nikisikiliza. Tulikuwa tumekubaliana bila kukubaliana: yeye taya, mimi masikio.

"Unaibusu nguzo yangu?" Bwana Garland akauliza.

"Nyamaza, natafuta mchumba."

Kile cha chuma kilikuwa kimya kama jiwe. Babu akakifungua, akakibeba mgongoni, akazunguka nacho uwanja mara moja kupita kwenye magunia. Aliporudi midomo imekuwa ya kijivu. Akakiweka chini kwa heshima. "Huyu ni mchumba wa kijana," akasema.

Cha pili kilikuwa cha alumini, chepesi hata mimi nilikiinua kwa mkono mmoja, kinashika mti kwa mnyororo na meno ya chuma. Bwana Garland alikisifia mpaka akakosa pumzi. Babu akakaa mara moja tu. Mimi sikusikia kitu cha maana, mkwaruzo mdogo basi. Yeye akatikisa kichwa.

"Kwa nini, Babu? Mbona hakilii sana?"

"Sauti iko wapi, ndiyo swali. Ikiwa kwenye bolti, nakaza, naweka mpira, namalizana nayo. Hii iko pale chuma kinapouma gome. Hiyo hainyamazishwi. Kila ukipumua kinatafuna."

Cha tatu kilikuwa alumini pia, kizito kidogo kuliko cha pili, ila kinakumbatia mti kwa waya uliovishwa mpira mnene. Babu akakaa, akasimama, akajizungusha. "Pale!" nikasema, nikamwonyesha bawaba ya kushoto. Akaniambia yeye ameshaijua, na ya kulia pia. Akaomba bisibisi, akakata vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli bovu lililotupwa pale, akavisokomeza kwenye bawaba, akakaza. Akaurudia mzunguko wa uwanja akiwa nacho mgongoni, akarudi anapumua kama mtu. Kisha akakaa tena, akaweka taya kwenye nguzo.

Nilingoja. Bwana Garland naye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alinyamaza.

"Hakuna kitu," Babu akasema.

"Si ndicho ulichotaka?" Bwana Garland akauliza.

Babu aliendelea kukaa pale, taya kwenye nguzo, na nikaelewa anachoogopa. Kile kibovu kilimfukuzia kulungu, lakini kilimpa sauti. Hiki kingempa kulungu, labda, na ukimya mtupu mpaka kufa.

Akakinunua.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na baridi ya kuuma pua. Bibi alitufungia mikate na soseji kwenye karatasi, akamfunga Babu skafu kama mtoto wa shule. Mimi nikarudi chini ya mwaloni wangu. Babu akauendea msonobari, akafunga mkanda, akaunganisha vile vipande viwili kwa kamba ili cha chini kisije kikamkimbia, akaanza.

Sikusikia kitu. Nawaambia, nilimwona mzee anayeshika ukuta akienda chooni akiupanda mti ulionyooka usio na tawi hata moja, akiinuka, akikunja magoti, akiinuka, na hakukuwa na sauti yoyote duniani isipokuwa moyo wangu. Kunguru walibaki walipo. Ukungu ulimpita kiunoni, halafu ukawa chini ya miguu yake.

Kwa muda mrefu alikaa wima tu. Hakuweka taya. Nilijua anakwepa.

Kisha dume likatokea.

Lilitoka kwenye vichaka upande wa kijito, shingo imevimba kama ya fahali, pembe nyeupe nchani na nyeusi mashinani. Lilikuja moja kwa moja kama lina miadi. Likapita pale ambapo Jumamosi iliyopita majike walitoroka, likafika chini ya msonobari wa Babu, likanusa gome. Mimi nilikuwa natetemeka mpaka majani makavu yakaanza kunisema. Juu, Babu akachukua bunduki. Polepole. Kiti kimya.

Dume likainamisha kichwa na kuanza kusugua pembe kwenye ule mti. Lilisugua kwa nguvu, magome yakiruka, mti mzima ule mkubwa nikauona ukitetema nchani. Nikasema moyoni, sasa Babu, sasa.

Babu akaiweka bunduki mapajani.

Akainama mbele, akalaza taya kwenye mti, akafumba macho.

Sikuelewa. Dume linasugua, linapumzika, linasugua tena, moshi wa pumzi zake unapanda kumfuata Babu, na yeye amelala pale juu ya kichwa chake kama mtoto mgongoni. Ilikuwa kama wanaongea na mimi ndiye kiziwi. Mwishowe lile dume likajikung'uta likaondoka kwa hatua za mwenye mali. Hapo ndipo Babu akashtuka, akanyakua bunduki, akapiga. Risasi ikaua kisiki. Dume likaruka kijito mara moja na hatukuliona tena.

Kwetu ukimkosa kulungu, klabu inakukata shati. Jioni ile kwenye kambi ya klabu Bwana Garland alimsimamisha Babu mbele ya moto, mkasi mkononi. "Misimu mitatu hujatuletea hata kosa, Odell! Tulianza kukuhurumia!" Akalikata pindo la nyuma lote mpaka karibu na mabega, watu wanapiga meza. Babu alisimama mgongo wazi kwenye baridi, anacheka mpaka machozi. Akaomba wakipigilie kile kitambaa ukutani juu kabisa, pale kila mtu atakapokiona, na akamwambia Bwana Garland bunduki haiuzwi, asijisumbue kuuliza.

Kwenye pikapu nikamvalisha koti langu, nikasogea kwenye sikio la kushoto.

"Babu, lilikuwa chini yako kabisa! Ulikuwa unafanya nini?"

Aliwasha injini, akaacha mikono kwenye usukani bila kuondoa gari.

"Uliwahi kuniuliza huko juu nasikia nini," akasema. "Leo nimesikia pembe zake, Kezia. Zilipanda na mti zikaingia kwenye meno yangu, hata haya ya bandia. Akikuna, nasikia. Akipumzika, nasikia amepumzika. Nikasahau nilichoendea."