Niliandika malalamiko kwenye kitabu cha meli, mpaka leo najionea aibu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Jana nimesoma uzi wa jamaa humu analalamikia meli ya kifahari aliyopanda huko ughaibuni. Mara shuka zina madoa, mara wahudumu wana viburi, mara supu imepoa.

Nimecheka sana. Halafu kicheko kikanikauka, maana na mimi niliwahi kulalamikia supu kwenye meli.

Hii habari sijawahi kuitoa nje ya familia. Mke wangu mwenyewe anaijua nusu. Wale wazee wa kusema "chai hiyo", kaeni na vikombe vyenu, mkimaliza kusoma mtasema mnachotaka.

Twende.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Kwa msioijua, Buyenzi ni mtaa wa Waswahili pale Buja, Waislamu wa tangu na tangu: mafundi magari, washonaji, wauza vitenge. Njia zetu zinaitwa kwa namba. Ukisema unatoka avenue fulani, mtu anakuuliza mtoto wa nani, ukimtajia baba yako anakuambia na bibi yako alikuwa anauza nini.

Hilo tulikuwa tunajivunia mno. Mimi zaidi ya wote.

Ilikuwa wakati wa vita, kabla ya vikwazo kusimamisha meli. Siasa siingii, mods wasije wakaufungia uzi wangu. Itoshe kusema kulikuwa na watu ambao wakifika mahali pasipo pao, jina lao peke yake lilitosha kuwatia matatani. Na ilikuwa hivyo pande zote.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nauza vipuri vya magari, vijisenti kidogo, mdomo mwingi. Shangazi yangu Mwajuma, aliyenilea, alikuwa amepasuliwa jicho Kigoma, nikaenda kumchukua. Kurudi Buja tukapanda meli ya Ziwa Tanganyika, nikakata tiketi za première, yaani daraja la kwanza, ili na mimi nionekane.

Wakuu, ile première!

Kwanza chumba chetu tulikuta magunia mawili ya dagaa, eti ya mtu mkubwa fulani, hayasogezwi. Bomba la kunawia linakohoa tu, maji hakuna. Feni inazunguka siku inayotaka. Chai inakuja ya vuguvugu na sukari imekwisha. Nikimwita mhudumu anasema "nakuja mzee", harudi.

Halafu katikati ya safari injini ikagoma. Tulitakiwa tuingie Buja asubuhi, asubuhi hiyo sisi tumeelea tu tunatazamana na milima.

Mhudumu wa upande wetu alikuwa kijana mmoja mrefu, mpole, amevaa kofia ya kiua, ile ya Kiislamu. Anaitwa Ramadhani. Nilipomuuliza kwao akasema Buyenzi.

Nikafurahi. "Avenue ya ngapi?"

"Ya tisa, kaka."

"Mutoto wa nani?"

Akanitajia jina. Nikasema huyo mzee simjui. Akasema walihamia karibuni, akainua trei akaondoka mbio. Likaniingia kichwani. Avenue ya tisa ni nyuma ya kwetu, mimi nisijue mtu aliyehamia?

Sasa meli ilivyosimama pale, wavuvi wakaja na mitumbwi kutuuzia. Mpishi akanunua kuku wazima. Injini ikapona, tukaanza kutembea polepole, na mimi nikapanda nyuma kupunga upepo. Nikamkuta Ramadhani anachinja.

Kwenye meli zile, kama kwetu kote, kazi ya kuchinja anapewa Muislamu ili kila mtu ale. Ndiyo desturi, hata Wakristo hawana neno.

Wakuu, nilimwangalia. Meli inaelekea kaskazini, kwa hiyo kibla kiko mbele yetu. Yeye kuku kamgeuza magharibi anaitazama Kongo. Kisu anakishika kama anakata muhogo. Mdomo unatembea lakini maneno siyasikii.

Nikashuka nimevimba. (Mjuzi wa fiqhi humu asije kunifundisha kwamba kuku yule pengine alikuwa halali tu. Nilikuja kufundishwa baadaye.)

Saa saba mchana tukaitwa kula. Chumba cha kulia kilikuwa na watu kama ishirini, wakiwemo wafanyabiashara wawili wa mtaani kwetu. Ikaja supu imepoa. Akaja kuku, kabebwa na Ramadhani mwenyewe.

Nikasimama. Nikamwita mkuu wa wahudumu, Mtanzania mmoja mwenye shati jeupe na miwani, nikamwambia naomba kitabu cha malalamiko.

"Tatizo ni nini, bwana?"

Nikaanza na maji, nikaja kwenye dagaa, nikaja kwenye chai. Watu wakawa wananiunga mkono, "sema, sema". Utamu wa kuungwa mkono ukanipanda kichwani.

Nikamnyooshea Ramadhani kidole. "Na huyu mutu anatulisha kibudu! Si Muislamu, na Buyenzi si wa kwetu. Mi mwenyewe ni wa Buyenzi, simujui!"

Watu wakasukuma sahani pembeni.

Ramadhani akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, samahani. Nitawaletea samaki."

"Apana. Soma Fatiha tukusikie."

Akaanza. Aya mbili za mwanzo akaenda vizuri, ya tatu akakwama. Akarudi mwanzo, akakwama palepale. Jasho linamtoka. Shangazi alikuwa ananivuta shati chini ya meza, mimi nampiga mkono wake nisisumbuliwe.

Kwenye meza ya pembeni baba mmoja akamuuliza kwa Kirundi, taratibu kabisa, "Uva hehe?" Anamuuliza anatoka wapi. Ramadhani akavua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni, akatoka.

Wale wafanyabiashara wakanipiga bega, "umesema kweli Abdu". Kitabu kikaletwa na kalamu yake imefungwa kamba. Nikaandika ukurasa mzima kwa Kiswahili na Kifaransa. Jina la Ramadhani nikaliandika kwa herufi kubwa, nikaongeza kwamba anajifanya mtoto wa Buyenzi. Nikatia saini ya kupinda kama ya waziri.

Nilirudi chumbani nimeshiba sifa. Shangazi amekaa juu ya gunia la dagaa, jicho moja limefungwa bandeji, lile lingine linanitazama.

"Abdu, we mutoto, unajua ulichofanya?"

"Shangazi, yule mutu ni mwongo."

"Ni mwongo, ndiyo. Mi nilijua toka jana."

Akanieleza. Usiku ule mimi nimelala fofofo, yeye na jicho lake moja alikuwa anashindwa kushuka ngazi za chooni. Aliyemshika mkono kwenda na kurudi, mara tatu, ni Ramadhani. Wakaongea. Mke wake na mtoto wake wa kike wa miaka minne walikuwa Kamenge, kaskazini ya mji, mtaa uliozingirwa na vita, wamejifungia ndani wanaingoja meli hii. Nahodha alikuwa amekubali awapandishe wakati wa kurudi Kigoma, kwa sababu ni familia ya mfanyakazi.

"Kazi ile ndiyo tiketi yao," akasema shangazi. "Na kofia ile ndiyo inamupitisha pale bandarini."

Nikasema, "Sasa kwa nini atumie jina la mtaa wetu?"

Hapo akakasirika kweli. "Nani kakuambia mtaa ni wako? Yule binti wa avenue ya sita aliyevaa ushungi mwaka jana, unafikiri alizaliwa nao? Yule fundi wako mwenyewe wa breki, umewahi kumuona msikitini? Hao wote walikimbilia kwetu, tumewafundisha kutoa salamu, tumewapa majina ya marehemu wetu. Mutaa mzima unajua na mutaa mzima unanyamaza. Ni weye tu mwenye mdomo!"

Wakuu, nilihisi uso unawaka. Yule fundi wa breki nilikuwa namcheka kila Ijumaa kwamba ni mvivu wa dini. Kumbe mtaa wetu nilikuwa naujua kwa namba za njia tu.

Shangazi akaniambia rudi, ukaandike kwamba ulisema uongo. Mbele ya walewale.

Nikarudi. Na sehemu hii ndiyo inayoninyima raha mpaka leo, kuliko hata ile ya kwanza.

Ile ya kwanza sikujua. Hii nilijua.

Mkuu wa wahudumu akaniambia ukurasa hauchanwi, kila ukurasa una namba na kampuni inausoma. Lakini naweza kuandika chini yake. "Andika kwamba ulikosea, bwana. Mimi nitamtetea. Ila uandike wazi."

Nikashika kalamu. Wale wafanyabiashara wa mtaani wamekaa palepale wanachokonoa meno, wananiangalia. Nikafikiria nikiandika "nilisema uongo", kesho kutwa Buyenzi nzima itanicheka. Abdu kameza maneno yake, Abdu kaomba radhi kwa mhudumu.

Nikaandika neno moja na saini. "Nimemsamehe."

Mnaelewa? Mimi ndiye nimemsamehe!

Mkuu akasoma, akavua miwani. "Bwana, ukisema umemsamehe, maana yake alikosa."

"Inatosha hiyo," nikamjibu, nikatoka. Shangazi nikamwambia nimeshaandika. Hakuuliza nimeandika nini, aliniamini.

Tuliingia Bujumbura alasiri. Watu wana haraka kwa sababu ya couvre-feu, jioni ikishaingia hutakiwi kuonekana njiani. Ramadhani alikuwa kwenye ngazi na kifuko chake. Mkuu wa wahudumu alikuwa amemnyang'anya kitambulisho cha meli mbele ya yule baba aliyemuuliza kwa Kirundi na abiria wengine waliodai aondolewe. Akashuka kama abiria asiye na karatasi.

Shangazi akamshika mkono. "Twende, mwanangu. Nibebee huu mkeka."

Getini askari akamsimamisha. "Karatasi?"

Shangazi akajibu yeye, "Huyu ni mutoto wangu, afande. Zimepotea Kigoma hospitali."

Askari akanigeukia mimi. "Ndugu yako?"

Nikasema, "Ndiyo afande. Mudogo wangu."

Akatupungia tupite.

Ndivyo neno lilivyokuwa jepesi. Halikunitoa jasho, halikuchukua hata sekunde mbili. Nilikuwa na safari nzima ya kulisema, na nililisema pale ambapo kazi imeshapotea.

Njiani Ramadhani akaniambia, "Asante, kaka." Alikuwa anamaanisha, hakuwa ananikejeli. Nikampokea mkeka nikaubeba mimi.

Alilala kwa shangazi. Asubuhi akaenda bandarini kumbembeleza mkuu, na kesho yake tena. Siku ya tatu meli iliondoka, familia yake ikiwa bado Kamenge na nafasi yao ikiwa imechukuliwa na wengine. Nahodha alisema hana njia, mtu si mfanyakazi wake tena.

Shangazi akatoa shungi mbili, moja kubwa na moja ya mtoto, akampa. "Walete hapa. Tutabanana."

Mimi nikasema nimsindikize. Akakataa, akasema nikionekana naye huko Kamenge na mimi nitapata taabu. Wakuu, alikuwa ananionea huruma mimi! Akaondoka kwa miguu baada ya chai.

Hakurudi siku hiyo. Hakurudi wiki hiyo. Siku zile Kamenge watu walikuwa wanahama na vigodoro vichwani, wengine wanapanda milimani, wengine wanavuka kwenda Kongo. Inawezekana aliwapata wakaenda zao. Huwa najiambia hivyo. Inawezekana pia hakufika.

Nilimtafuta. Mwanzoni kwa sababu shangazi alinituma, baadaye kwa miguu yangu mwenyewe, hospitali, kambini, mpaka Uvira, ng'ambo kule Kongo. Shangazi ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Kuhusu jambo hili hakunisema tena hata mara moja, na ile ya "nimemsamehe" nilimkiria akiwa mgonjwa kitandani. Aliniomba maji.

Funzo? Sitawaambia msilalamike. Supu ikipoa semeni, ni haki yenu. Lakini ukiona mtu anadanganya yeye ni nani, jiulize kwanza uongo wake unamlinda nani, kabla hujataka sifa za kumuumbua. Na ukikosea, tumia neno lenyewe. Usijifiche kwenye neno la kukupendeza.

Karibuni mseme. Matusi nayapokea, sitajibu. Na kama kuna mtu wa Kigoma, Uvira au Buja aliyemfahamu kijana mrefu aliyewahi kuhudumu kwenye meli, aliyekuwa na mke na binti mdogo Kamenge, nawaomba sana mniandikie pembeni.

Mtaniuliza jina lake. Niliwauliza hata mabaharia wenzake, wote wanasema Ramadhani wa Buyenzi. Nilimhoji kuhusu avenue, kuhusu baba yake, kuhusu Fatiha. Jina alilopewa na mama yake sikumuuliza.