Chatu wa Nyuma ya Kioo

Mjukuu wangu alipopata kazi ya usafi katika makumbusho makubwa kule Nairobi, nilifurahi. Aliponiambia kwa simu kwamba ana mimba ya miezi mitano, na kwamba kila Jumatatu anafuta wanyama waliokaushwa, nyoka wakiwemo, furaha ikaisha. Nilipanda basi kutoka Busia hadi kwake Nairobi.

Mimba yake ya kwanza ilikuwa imetoka. Kwetu mwenye mimba akikutana na nyoka njiani anapita, hamkodolei macho. Mimi mwenyewe nilipoteza wawili, na mama mkwe akasema ni kwa sababu nilisimama kumtazama kenge. Kama ni kweli, sijui. Sikusoma. Lakini wale wawili niliwazika mimi.

Jumatatu nikaingia naye makumbusho. Tulimpita tembo, tukapita ndege wengi kuliko wa mashamba yote ya kwetu Samia. Sikuona raha. Mkono wangu ulikuwa mgongoni mwake muda wote. Tukafika kwa chatu, amejizungusha kwenye tawi kavu. Mjukuu akafungua mlango wa kioo, akachukua brashi.

"Geuka ukutani," nikamwambia.

"Kukhu," akaniita, yaani bibi kwa lugha yetu, "huyu alikufa kabla sijazaliwa."

"Na macho yake?"

"Ni ya kioo."

"Basi yanaona kuliko yangu. Geuka!"

Akageuka huku akicheka. Nikamnyang'anya brashi, nikamfuta chatu mwenyewe, kutoka mkia hadi kichwa. Hapo msimamizi wake akaingia, mama wa makamo mwenye funguo kiunoni.

"Mama, wageni hawaruhusiwi kugusa!"

Nilijua naweza kumharibia mtoto kazi. Nikasema ukweli tu: "Huyu ana mimba. Ya kwanza ilitoka."

Msimamizi akanitazama, kisha akalitazama tumbo la mjukuu wangu. "Mbona hukusema?" akamwuliza. Akafunga kioo. "Kuanzia kesho uko chumba cha vyungu."

Nikataka kukiona hicho chumba pia. Vyungu, vibuyu, vikapu, sawa. Lakini pembeni kulikuwa na kinyago chenye meno.

"Upande ule usitazame."

"Kukhu, shingo itavunjika kabla sijazaa."

Sasa mimba ina miezi minane. Kila asubuhi sokoni, kabla ya kufungua gunia la omena, dagaa ninaowauza, nampigia. Habari za mtoto siulizi, naogopa. Namwuliza, "Leo umefuta nini?"

Akisema vyungu, ndipo nafungua gunia.