Sauti ya Inspekta Hamdani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa trei iliyojaa kokoto, nikaambiwa nitembee.

"Nende wapi?" nikauliza.

"Hapo hapo ulipo," akajibu Mkuu wa Michezo ya Redio. "Unamfuata mtu kichochoroni, hutaki akusikie. Lakini mimi nnataka nikusikie."

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, ndani ya studio ya redio hapa mjini Unguja. Nilikuwa msichana niliyetoka skuli, nikiamini nimeajiriwa kupiga chapa. Nikazikanyaga zile kokoto taratibu, Mkuu kafumba macho anasikiliza, mpaka akasema, "Haya. Keshamkaribia."

Kazi yangu iliitwa vishindo. Kila sauti isiyotoka kinywani mwa mtu ilikuwa yangu mimi. Mvua ilikuwa mtama unaomiminwa kwenye ungo. Moto ulikuwa karatasi ya biskuti inayofinyangwa karibu na maikrofoni, na bastola ilikuwa ubao ulioangushwa bapa juu ya saruji. Mlango tulikuwa nao wa kweli, umesimama peke yake katikati ya studio na fremu yake na komeo lake, hauendi popote. Viatu nilikuwa navyo vya kila namna. Mwizi mkubwa wa mchezo wetu alivaa makubadhi, na wasikilizaji walishamzoea. Wakiyasikia tu yanabururwa, mtaa mzima unapiga kelele, "Huyo! Huyo!"

Mchezo wenyewe ulikuwa wa upelelezi, na mpelelezi wake aliitwa Inspekta Hamdani. Aliyemwigiza ni Bwana Nassor, mtu wa mtaa wa Malindi, mwenye asili ya Kiarabu, ambaye siku nyingine zote aliuza vitambaa kwenye duka la ndugu yake. Alikuwa mwembamba, mpole, anaona haya hata kumtazama mtu usoni. Lakini akisimama mbele ya maikrofoni ilitoka sauti nzito, isiyo na haraka, kila herufi mahali pake. Akiuliza, "Jana ulikuwa wapi, bwana?" hata mimi niliyeshika maandishi ya mchezo mkononi nilitamani kukiri. Wanawake wa Jambiani waliniambia kwamba siku ya mchezo waliwahi kutoka kwenye kilimo cha mwani wasije wakamkosa.

Tukaenda hivyo miaka. Kisha, tulipokwisha ingia miaka ya tisini, Bwana Nassor akaanza kuugua koo. Kwanza kikohozi, halafu sauti ikawa inakatika katikati ya neno. Daktari akamwambia anyamaze. Mkuu wa Michezo alituita ofisini, akasema kwa shida kwamba itabidi Inspekta apatiwe mtu mwengine.

"Nipe kipindi kimoja cha mwisho," Bwana Nassor akanong'ona. "Nshachoka kunyamaza."

"Kwa sauti hiyo, Bwana Nassor?"

"Kwa hii hii."

Baada ya siku chache Mkuu akarudi na mchezo alioandika mwenyewe. Ndani yake Inspekta amejificha kabatini, nyumbani kwa yule mwizi, pamoja na shahidi, mwanamke anayetetemeka kwa hofu. Hawawezi kutoka. Tangu mwanzo hadi mwisho Inspekta anasema kwa kunong'ona.

Inafaa mfahamu kwamba wakati ule hatukuwa na kompyuta za kukata na kuunga sauti. Kanda ikianza kuzunguka, tunakwenda moja kwa moja, na mmoja akikosea, sote tunarudi mwanzo. Bwana Nassor hakuwa na pumzi ya kurudi mwanzo. Sote tulilijua hilo.

Nikavaa makubadhi. Kipoza hewa kilizimwa kwa sababu ya ngurumo yake, jasho likaniingia machoni na sikuthubutu kulifuta. Nikaburura miguu kuelekea kabatini, nikasita.

"Usiogope," akanong'ona Inspekta. "Bado yuko mbali."

Nikasogea zaidi.

"Usiogope."

Alikuwa akimwambia shahidi, lakini miguu yangu ndiyo iliyotulia.

Mwishowe mlango wa kabati unafunguliwa na Inspekta anamkabili mwizi. Hata hapo Mkuu alikuwa ameandika anong'one. Bwana Nassor akavuta pumzi, akasema, "Umefika mwisho, bwana," kwa sauti kamili, ile ile ya zamani. Sijui aliitoa wapi. Kanda iliposimama, Mkuu alikuwa ametugeuzia mgongo, anautazama ukuta.

Bwana Nassor hakurudi tena studio, na haukupita muda mrefu tukamzika. Mchezo ukafa naye. Mimi nikahamishiwa vipindi vya watoto, kisha maktaba ya kanda. Huko kitu cha kwanza nilichokitafuta ni ile kanda ya mwisho. Mkuu wa Maktaba akanieleza kwa upole kwamba kanda mpya zilikuwa adimu, kwa hivyo za zamani zilifutwa na kurikodiwa upya. Juu ya Inspekta Hamdani palikuwa na mazungumzo ya kilimo cha karafuu. Niliyasikiliza yote, nikidhani pengine kwa chini nitasikia japo pumzi yake.

Sasa nshastaafu, nnakaa Mpendae. Vijana wa redio hunijia kuniuliza mvua tuliifanyaje, na mimi huwaeleza kwa furaha. Nnachokikosa sijui nikieleze vipi: watu wamesimama kwenye chumba kimoja, wamezuia pumzi, ili mtu mmoja amalize sentensi yake.

Alasiri moja alikuja Bi Salma, mjane wa Bwana Nassor.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza kama ipo kanda yake, hata moja."

Nikamwambia ukweli. Akalinyoosha buibui lake magotini.

"Kwani wewe hukuwa ukimsikiliza?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nikizima redio. Nikiona haya, mume wangu kusikika mji mzima akisema na wanawake wa watu. Na nikijua atarudi nyumbani, nitamsikia." Akaniinulia macho. "Nihadithie wewe. Ile ya mwisho."

Nikaanza. Nikamhadithia nyumba ya mwizi, kabati, yule mwanamke anayetetemeka, makubadhi yanakuja. Nilipofika kwenye maneno ya Inspekta, nikasita.

Bi Salma akasogea karibu, akanishika mkono.

"Enhe," akasema. "Akasemaje?"