Mkono wa Kafedha kwenye Daftari la Velma

Saa mbili na robo asubuhi, malori ya mafuta yananguruma nje ya ukuta wa shule moja ya msingi huko Changamwe. Ndani ya gredi ya pili, Velma, msichana wa miaka minane, ameikamata penseli kwa ngumi. Anatafuta herufi ya kwanza ya jina lake. Kafedha Ruwa yuko kando yake, mikono ameikalia.

Dakika nne zinapita. Mstari mmoja umepatikana, nao umelala. Kafedha bado ameikalia mikono.

Asiyemjua angemwita mvivu. Kafedha, ambaye wengi humwita Mama Masha, ana miaka arobaini na sita na ni msaidizi wa mwalimu. Darasa lina watoto hamsini na wawili, na sita kati yao, wanaolemewa na kusoma na kuandika, ni wake. Wazazi humchangia shilingi elfu saba kwa mwezi.

Tangu mwaka jana hadi hivi majuzi mikono hiyo haikutulia. Kila Ijumaa madaftari huenda nyumbani yakatiwe sahihi, na Kafedha hakutaka Velma apeleke kurasa tupu. Akawa anaushika mkono wa mtoto na kuuongoza, neno kwa neno.

"Mwanzo ilikuwa kumfundisha," anasema. "Halafu nikamwona mamake pale getini, analia kwa furaha. Wallahi, nikashindwa kuacha."

Hapo ndipo huruma ilipomponza mtoto. Maafisa wa tathmini walipokuja mwezi wa tano mwaka huu kuchagua watoto wa kitengo maalumu, chenye walimu wa wanaolemewa na masomo, Velma aliinamisha kichwa, hakujibu lolote. Wakafungua daftari, wakaona mwandiko safi. Waliandika kwamba mtoto ana haya tu, hahitaji msaada.

Muhula ujao Velma anaingia gredi ya tatu, ambako hakuna msaidizi. Huko atakaa tu, siku hadi siku, mpaka achoke na shule. Inauma kulisema, lakini wengi wameishia hivyo.

Mwalimu wa darasa, Luqman, alimshauri Kafedha anyamaze asije akapoteza kazi. Hakunyamaza. Jumapili moja alikwenda kwa Quinter, mamake Velma, anayeshona nguo kiwandani, akamweleza yote.

Ukutani mwa nyumba palikuwa na ukurasa wa daftari la Velma, umebandikwa karibu na mlango. Quinter aliunyooshea kidole.

"Kwa hivyo mwaka mzima nimekuwa nikisoma maandishi yako, Mama Masha?"

"Ni yangu, mwanangu. Nisamehe."

Quinter aliubandua ukurasa ule, akaukunja, akampa mgeni wake. Wiki mbili alimleta mtoto shuleni bila kumsalimu Kafedha.

Kafedha naye alikwenda ofisi ya tathmini, akakiri kwa maandishi. Velma atapimwa upya Alhamisi hii. Mwalimu mkuu ameshamwonya Kafedha kwamba huenda asirudi muhula ujao.

"Wakinitoa nitapika mahamri, nilikuwa nikiyapika zamani," anasema. "Ninaloomba ni Velma apate kiti kule kwenye kitengo. Nami nikibaki, nitamfundisha pole pole, hata ikichukua miaka mitatu, inshallah."

Juzi asubuhi, Quinter alisimama mlangoni mwa darasa na kumwamkia. Alisema ameomba ruhusa kiwandani siku ya Alhamisi. Anataka kumwona mwanawe akiandika kwa mara ya kwanza.