Chaki ya Twahiru

Athanasie alikuwa muuguzi wa usingizi, yaani ndiye aliyewalaza wagonjwa kabla hawajapasuliwa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amewavumilia wa kila namna: wanaolia, wanaotukana, hata wanaoungama dhambi zao wakiwa nusu usingizini. Namna moja tu ilimshinda, ndugu zangu. Wale wasioumwa.

Asubuhi moja ya mwaka 1991 aliitwa chumba cha dharura kumwona mmoja wao. Twahiru, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, alikuwa ametoka Kicukiro kwa baiskeli, kichwa cha cherehani amekifunga nyuma. Kwenye mteremko breki ikakatika, akaingia mtaroni, na chuma chote kile kikamtua kifuani. Hayo yalitokea juzi. Juzi! Siku mbili mtu amekaa kwake, mkewe Kanyange amemzungushia kitenge kifuani na kukikaza kama anafunga mzigo wa maharage.

Sasa alikuwa anahema kama kifaranga, midomo rangi ya majivu. Athanasie akakifungua kile kitenge, akamsikiliza mgongoni. Upande wa kulia, chini, kulikuwa kunatokota. Alijua maana yake. Ubavu uliovunjika hauui. Kinachoua ni kuogopa kupumua. Mtu asipokohoa, makohozi yanaoza mapafuni, na wiki haiishi mnamzika.

"Mzee Twahiru, inauma wapi?"

"Haiumi, muganga. Iko sawa tu."

"Basi kohoa."

"Mimi iko bila kikohozi."

Akambonyeza. "Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

Jasho likamtiririka hadi kidevuni. "Hapo ni joto tu. Hamna madirisha humu?"

Athanasie alitamani kukipiga kichwa chake ukutani. Mashine ya picha ilikuwa imeharibika tangu Jumatatu. Dawa ya ganzi ilikuwa imebaki chupa moja, ya kutosha mbavu tatu, mara mbili basi. Chini ya kila ubavu unapita mshipa unaopeleka maumivu. Ukiumwagia ganzi pale, ubavu ule unanyamaza kwa saa kadhaa. Lakini lazima ujue ni ubavu upi. Huwezi kuchomachoma kwa kubahatisha, kwa sababu sindano ikizama mno inatoboa pafu.

"Usijisumbue, muganga," Kanyange akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari. "Huyu hata kisu cha tohara alikitazama kama anatazama mpira. Mama yake aliniambia."

Si wanasema machozi ya mwanaume hutiririkia tumboni? Haya.

Athanasie akaenda kuchukua sindano. Aliporudi, kitenge kilikuwa kifuani tena.

"Kanyange! Nani amemfunga?"

"Mifupa itamwagika, muganga!"

"Itamwagika iende wapi?" Akaitua sinia ya sindano mezani, ikalia. "Nimetoka Masaka kabla ya jua, sijanywa hata chai, na huyu baba anataka kufa akiwa mzima! Nenda basi nyumbani, ukafe ukiwa sawa!"

Twahiru akaangalia vidole vyake. Ndipo Athanasie alipoliona shati la mgonjwa kwenye msumari na, mfukoni, kipande cha chaki ya fundi. Akakichukua.

"Fundi, ukiletewa koti lililofumuka ndani, chini ya bitana, unafanyaje?"

"Napapasa. Kisha natia alama."

"Haya," akamtia chaki mkononi, "koti ni hili, na wewe ndiye fundi. Sitaki kusikia linauma. Nataka kujua limefumuka wapi."

Twahiru akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la maana kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akakivua kitenge mwenyewe. Akajipapasa polepole, meno ameyauma, akachora mistari mitatu.

"Hapa, na hapa, na hapa. Huu wa tatu umeachia vibaya."

Wakamwegemeza juu ya mto, Kanyange amemshika mabega. Kutoka kwenye kila mstari Athanasie alifuata ubavu kwa kidole akielekea uti wa mgongo, akachoma chini ya ukingo wa mfupa. Mara tatu. Wakangoja.

"Vuta pumzi."

Kifua kikapanda, kikaendelea kupanda.

"Kohoa."

Akakohoa. Kilichoingia kwenye beseni sikielezi, pengine kuna anayekula. Akakohoa tena na tena, hadi rangi ikarudi midomoni. Kisha akajifuta, akatabasamu.

"Si nilikuambia haiumi?"

Athanasie akamgeukia Kanyange. Kanyange akaangalia dari.

Na hapo hapo Twahiru akataka shati lake aende, ana suti ya bwana harusi mezani. Athanasie akalikunja shati akaliweka kabatini, akafunga kwa ufunguo. "Dawa itaisha jioni," akamwambia. "Ikiisha, uniite." Twahiru akacheka: amwite kwa lipi?

Saa kumi, Athanasie ndiyo kwanza ameshika kikombe chake cha chai kwenye varanda, Kanyange akaja, kiganja amekifumba.

"Ametuma."

Akakifumbua. Ilikuwa chaki.

"Amesema nini?"

"Amesema hana kitu. Nikuletee tu, pengine unaihitaji."

Athanasie akasonya msonyo mrefu. "Na kitenge? Umemfunga tena?"

Kanyange akaangalia viatu vyake. "Kidogo."

Akakiacha kikombe ukingoni, chai ipoe kama kawaida yake, akaenda kuchukua ile nusu ya chupa iliyobaki.