Karatasi Niliyoibandika Getini

Nyumba ya kuku ya mama ilijengwa kabla sijazaliwa. Baba na mdogo wake walichimba mashimo ya nguzo, wakapigilia mabanzi, wakaezeka mabati yaliyokwisha kutumika kwingine. Ilikuwa fupi. Ukiingia kuokota mayai uliinama, na macho yalianza kuwasha kabla hujavifikia viota. Baba alipofariki, mama aliendelea kuinama humo peke yake, asubuhi na jioni, leso imefungwa mdomoni, hadi kifua chake kikaanza kukoroma. Daktari alimwambia aachane na ile hewa. Mama akasema ndiyo daktari, kisha akarudi kulisha kuku.

Ndipo nikaamua kuibomoa na kujenga mpya: ukuta mfupi wa mawe, wavu juu yake, paa lililoinuka, hewa ipite. Nilikwenda ofisini mjini kuomba kibali nikiwa na mchoro wa karatasi ya daftari. Afisa aliuangalia kama noti bandia. Alitaka mchoro wenye muhuri, kisha cheti cha shamba, kisha barua ya afya. Ukileta hiki anakumbuka kile.

"Madam, hii ni process tu," aliniambia. "Hata mimi siwezi kuruka."

Nilitaka kumrukia yeye.

Cha mwisho kilikuwa tangazo. Likae getini siku kumi na nne, ili jirani asiyetaka aandike pingamizi. Mama alinikuta nikilipaka gundi.

"Umeambia baba yako mdogo?"

"Atasoma."

"Hiyo si maneno ya kusoma. Beba maziwa uende."

Nilimjibu kwamba hakuna fomu yenye nafasi ya maziwa. Nikabandika.

Kwetu mambo ya boma hayapelekwi kwa mzee na karatasi. Unamwendea na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, unaketi, mnazungumza kuhusu mvua na majani chai, na haja yako unaitoa kwenye kikombe cha pili. Nilijua hilo tangu utotoni. Nililipuuza kwa kuwa mihuri ilikuwa imenichosha, na kwa kuwa baba mdogo si mgeni. Anakaa ng'ambo ya michai yetu, ukimwita anaitika.

Siku ya kumi na mbili alipanda boda hadi mjini akaandika pingamizi. Sababu: harufu.

Huyu ni mtu aliyekuja kila Jumamosi na magunia kuchukua mbolea ya kuku, bure, na mama akimshikia mdomo wa gunia. Sukuma wiki yake iliyosifiwa sokoni Kiptere ilinenepa kwa hiyo harufu. Niliposomewa barua yake nilihisi masikio yakiwaka moto. Afisa akasema faili itasimama hadi jirani aondoe pingamizi au kamati ikae, na kamati itakaa lini, hajui.

Niliapa sitamwendea. Njiani niliwasalimu wote nikamruka yeye. Kanisani nilihamia viti vya nyuma ili nisimpe mkono. Miezi mitatu nilinuna, msimu mzima wa mvua, mabanzi yakinyonya maji na samadi ikichachuka ndani. Asubuhi nilikuwa jikoni namsikia mama akikohoa huko, na kila kikohozi nilimtwika baba mdogo.

Kisha siku moja nilimkuta mama ameketi juu ya gunia la chakula cha kuku, trei ya mayai mapajani, ameshindwa kuinuka. Alilazwa. Nilipotoka hospitalini nilichukua kibuyu nikaenda ng'ambo, bado nimefura.

Baba mdogo alinimiminia chai, nikamwekea maziwa yake mezani. Sikungoja kikombe cha pili. Nilimuuliza kwa nini.

"Harufu ni ya ofisi," alisema. "Waliniuliza reason, nikatafuta moja. Ile nyumba mimi ndiye nilishika nguzo, baba yako akishindilia udongo. Halafu nasimama kwa geti ya ndugu yangu, nasoma na watu wa boda ati inabomolewa. Mimi ni mpita njia?"

"Mama amelazwa. Ni ile hewa ya ndani."

Aliweka kikombe chini.

"Na hakuna mtu aliniambia."

Aliandika barua ya kuondoa pingamizi palepale, kabla chai haijapoa.

Kibali kilitoka. Nyumba mpya imesimama, unaingia wima, macho hayawashi. Daktari amemkataza mama kukaribia nyumba yoyote ya kuku, hata hii mpya, mapafu yake hayataki tena vumbi la kuku. Hajaingia hata mara moja. Hukaa kwenye kiti kando ya michai na kuniuliza ndani pakoje, nami namweleza.

Kutoka geti letu hadi kwa baba mdogo ni hatua mia mbili, nimezihesabu. Nilikataa kuzitembea kwa miezi mitatu, na sasa sina mtu mwingine wa kumkasirikia.